Muda wa lengo katika mbio za marathoni: maana yake na hesabu iliyo ndani yake

Fundi mmoja wa cherehani wa Ngamiani, jijini Tanga, aliulizwa alfajiri moja na mama anayemuuzia vitumbua kila akitoka mazoezini: "Mwanangu, siku hiyo ya marathoni utamaliza saa ngapi?" Fundi akajibu, "Saa nne, mama, inshallah." Mama akaelewa kwamba saa nne asubuhi fundi atakuwa amekwisha fika. Fundi naye alikuwa na maana kwamba atakimbia kwa muda wa saa nne. Walikuwa wakizungumzia vitu viwili, ila kwa kuwa mbio zenyewe zilipangwa kuanza saa 12 kamili asubuhi, majibu yote mawili yalikuwa sahihi. Saa yetu huhesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, na anayeanza kukimbia saa 12 kamili hana haja ya kutoa wala kujumlisha: akitazama saa ya ukutani na kukuta saa tatu na nusu, basi amekwisha kukimbia kwa saa tatu na nusu.

Nimeanza na mazungumzo hayo kwa sababu dhana ninayotaka kuieleza imekaa katikati ya maneno mawili ambayo wengi wetu huyachanganya, yaani wakati na muda. Wakati ni pale jambo linapotokea; muda ni urefu wa jambo hilo tangu linapoanza hadi linapokoma. Mkimbiaji wa marathoni anaposema ana lengo la saa nne, anasema habari ya muda. Muda wa lengo, basi, ni kiasi cha saa, dakika na sekunde ambacho mkimbiaji amekiweka kabla ya mbio, akakusudia kumaliza kilomita zote 42.195 bila kukivuka. Haufanani na muda bora binafsi, ambao ni ule mfupi kuliko yote ambayo mtu huyo amewahi kuikimbia katika umbali huo. Muda bora binafsi umekwisha patikana na hakuna awezaye kumnyang'anya mtu; muda wa lengo ni ahadi, na bado haujalipwa.

Ahadi ya namna hii ni ya wakimbiaji wa ridhaa zaidi kuliko mabingwa. Alphonce Simbu alipoipatia Tanzania medali ya dhahabu katika mashindano ya dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akiwa amemtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Aprili ya mwaka huohuo, mjini Boston, alikuwa amekimbia saa 2, dakika 5 na sekunde 4 akawa wa pili. Kwa maneno mengine, mbio zilizompa ubingwa wa dunia zilikuwa za polepole kuliko zile alizoshindwa, wala hapana Mtanzania aliyemlaumu kwa hilo, kwa maana kilichotafutwa Tokyo kilikuwa nafasi. Fundi wetu wa Ngamiani hatafuti nafasi. Akiwa wa 400 au wa 1,400 ni mamoja kwake, mradi saa ikubali. Anashindana na mtu mmoja ambaye ni yeye mwenyewe wa mwaka uliopita, na sioni kwamba shindano hilo ni dogo.

Ili muda uweze kulinganishwa na muda mwingine, lazima umbali uwe mmoja kila mahali. Kilomita 42.195 ndio umbali uliokimbiwa katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 shirikisho la riadha la dunia likaufanya kuwa kipimo rasmi. Watu wa Tanga, ambao wamezoea baiskeli kama wengine wanavyozoea viatu, watafurahi kujua kwamba hadi leo njia ya marathoni hupimwa kwa baiskeli. Kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko hufungwa kwenye gurudumu la mbele, baiskeli ikapitishwa kwanza kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma ili ijulikane mizunguko mingapi hufanya kilomita moja, kisha mpimaji akaendesha njia nzima akifuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, akikata kila kona kwa karibu. Juu ya hapo huongezwa mita moja kwa kila mita elfu moja, ili njia isije ikawa pungufu.

Jambo hilo la mstari mfupi lina athari ambayo wakimbiaji wapya huijua wakiwa wamechelewa. Mkimbiaji aliye katikati ya umati hawezi kuufuata mstari wa mpimaji: huzunguka watu, huenda upande wa meza ya maji, hupitia nje ya kona. Saa ya mkononi inayopokea mawimbi ya satelaiti nayo ina makosa yake madogo. Matokeo yake ni kwamba saa inaweza kumwonyesha mtu kilomita 42.6 anapofika mwisho. Mwenye lengo la saa nne aliyegawanya muda wake kwa 42.195 alipata dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Lakini akigawanya kwa 42.6 atapata dakika 5 na sekunde 38. Sekunde tatu hizo zikipuuzwa kwa kila kilomita, mtu hufika mwisho akiwa amezidisha dakika mbili na ushei, huku saa yake ikimhakikishia njia nzima kwamba mambo ni mazuri. Kuna pia tofauti kati ya muda unaohesabiwa tangu ishara ya kuanzia na ule unaohesabiwa na chipu, yaani kifaa kidogo anachovaa mkimbiaji, tangu yeye mwenyewe alipouvuka mstari. Wa ridhaa hujipima kwa huu wa pili, na ni haki yake.

Tumefika kwenye kiini cha dhana. Muda wa lengo ukiachwa kama jumla, hauna kazi yoyote. Mtu hawezi kukimbia saa nne. Anaweza kukimbia kilomita moja, halafu nyingine. Kwa hiyo kila muda wa lengo hugeuzwa kuwa mwendo kwa kilomita, ambao wakimbiaji wenyewe huuita pesi. Saa nne ni pesi ya 5:41. Saa nne na nusu ni 6:24. Yule fundi aliandika 5:41 kwa chaki ya kukatia nguo kwenye ubao wa meza yake, pembeni ya cherehani, mahali ambapo mkono wake hupita kila anapovuta kitambaa, na kwa miezi kadhaa tarakimu hizo tatu ndizo zilizokuwa marathoni yake.

Nimeona hesabu ya mbio zake za kwanza, kwa sababu aliniruhusu kuitazama kwenye saa yake, na inaeleza pesi kuliko maelezo yangu yoyote. Kilomita 10 za mwanzo alizikimbia kwa dakika 5 na sekunde 25 kila moja. Alijisikia mwepesi, watu walikuwa wakishangilia, akaamini anaweka akiba. Akiba yenyewe ilikuwa sekunde 16 kwa kilomita, yaani dakika 2 na sekunde 40 kwa jumla. Kilomita 22 zilizofuata alizikimbia kwa 5:41 barabara kama alivyopanga. Kilomita 10 za mwisho na kipande chake zikamwelemea, akazikokota kwa dakika 7 na sekunde 5 kila moja. Hapo alipoteza zaidi ya dakika 14. Alimaliza kwa saa 4, dakika 11 na sekunde 25.

Kilichompata kina jina: kugonga ukuta. Mwili hutunza wanga katika misuli na ini kama mafuta ya haraka, na akiba hiyo kwa mtu wa kawaida inakaribia kilokalori 2,000. Kukimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 65 huhitaji kama 2,700 kuimaliza marathoni. Pengo hujazwa na mafuta ya mwilini, ambayo yapo tele lakini huungua taratibu, na kwa kile mtu anachokula au kunywa njiani. Kadiri mtu anavyokimbia kwa kasi iliyo juu ya uwezo wake, ndivyo anavyochoma wanga mwingi zaidi na mafuta kidogo zaidi. Mwendo wa 5:25 ulimlipisha fundi mapema kilichokuwa cha kilomita ya 35. Ndiyo maana nasema kwamba muda wa lengo hulindwa katika kilomita kumi za mwanzo, pale ambapo mtu anajisikia kuweza zaidi na anatakiwa kujizuia. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na huwa namhurumia kila ninayemwona ameondoka kwa pupa.

Swali linalofuata ni la mahali muda wa lengo unapotoka. Wachache hupangiwa: mbio za Boston, kwa mfano, huwadai wakimbiaji muda wa kufuzu, ambao kwa mwaka 2026 ulikuwa saa 2 na dakika 55 kwa wanaume wa miaka 18 hadi 34 na saa 3 na dakika 25 kwa wanawake wa umri huo. Walio wengi huvutwa na namba nzima tu. Wanauchumi wa Marekani waliochunguza matokeo karibu milioni 10 ya marathoni walikuta mrundikano wa wamalizaji muda mfupi kabla ya saa tatu, kabla ya saa nne na hata kabla ya nusu saa zilizo katikati. Mwili haujui kwamba saa nne ni namba nzima. Kwa hiyo naiheshimu zaidi njia ya kuanzia chini, kwenye kile ambacho miguu imekwisha kukithibitisha.

Njia mojawapo ni kanuni aliyoichapisha mhandisi wa Marekani Pete Riegel mwaka 1977. Inasema kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, muda hauongezeki mara mbili tu, bali huzidi kidogo, kwa kuwa uchovu huongezeka kuliko umbali. Kwa kipimo chake, muda wa nusu marathoni huzidishwa kwa 2.085 ili kupata makadirio ya marathoni nzima. Anayetaka saa nne, basi, anapaswa kuwa ameweza kukimbia nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 55, ambayo hutoa saa 3, dakika 59 na sekunde chache chini ya 50. Kwa mtu wa ridhaa anayepata siku nne za mazoezi kwa wiki baada ya kazi, nadhani makadirio hayo yachukuliwe kuwa ndiyo mazuri kuliko yote yanayotarajiwa, maana kanuni haijui kama alifanya mazoezi marefu au aliyakwepa.

Wala haijui hewa ya Tanga. Jasho hupoza mwili linapokauka, na katika unyevu wa pwani jasho hutiririka tu hadi kwenye soksi. Moyo hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi ili joto litoke, wakati misuli nayo inaidai damu hiyohiyo. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Januari na Februari, pesi ambayo mtu huimudu vizuri kwenye upepo wa kusi mwezi wa Julai humtoa pumzi kabla hajafika Raskazone, hata akiondoka mara baada ya adhana ya alfajiri. Huo si udhaifu wake. Anayejiandaa hapa kwa mbio zitakazofanyika mahali penye baridi asiulazimishe mwili kuitoa pesi ya lengo kila asubuhi. Aipime juhudi kwa pumzi na mapigo ya moyo, na pesi yenyewe aitafute siku chache zilizochaguliwa. Na kama mbio zenyewe ni za pwani, muda wa lengo uongezwe dakika tangu nyumbani, kabla jua halijamwongezea lenyewe.

Mwezi wa Julai, alfajiri yenye upepo, fundi alijipima kwa nusu marathoni kwenye barabara ya Raskazone, akienda na kurudi, rafiki yake akimfuata kwa baiskeli na chupa mbili za maji kwenye kapu la mbele. Alimaliza kwa saa 1 na dakika 58. Ukizidisha kwa kipimo cha Riegel unapata saa 4 na dakika 6, ambayo ni pesi ya 5:50. Ile ya mbio zake za kwanza, ukigawanya jumla yake, ilikuwa 5:58. Sekunde 8 kwa kila kilomita ndizo ambazo mwaka mzima wa mazoezi ulikuwa umempa, na kwa mara 42 zinakuwa zaidi ya dakika tano. Saa nne zilikuwa bado mbele.

Nilimkuta dukani jioni ile. Alikuwa amelowesha kipande cha kitambaa, akaifuta 5:41 kwenye ubao wa meza taratibu mpaka mbao ikaonekana, akangoja pakauke, akachukua chaki na kuandika 5:50.