Je, wajua ilikuwaje mtu aliyehukumiwa kwa mambo ya kamari akawa mtabiri wa mechi kwenye TV kubwa ya Marekani?

Kuna kijana kijiweni kwetu alikuja juzi amenuna, mkeka wake wa kubeti wa mechi 12 umechanika kwa mechi moja tu ya usiku, na kilichomuuma zaidi wala sio hela aliyoweka, ni ile elfu kumi aliyomtumia jamaa wa Telegram aliyemuapia kwamba hizo mechi ni za uhakika. Akaniuliza, hawa watu wanajua kweli au wanatuchezea? Sikumjibu palepale, maana ukitaka kumuelewa mtabiri wa kubeti inabidi urudi nyuma kwa mzee mmoja wa Marekani aliyeifanya hii kazi ikavaa suti na kukaa mbele ya kamera, Jimmy Snyder, ambaye wenyewe walimwita Jimmy the Greek, yaani Jimmy Mgiriki.

Jina lake la kuzaliwa ni Dimetrios Georgios Synodinos, kazaliwa mwaka 1918 kwenye mji wa Steubenville, Ohio, mji wa viwanda vya chuma ambako kamari ilikuwa inachezwa nje nje, na ndo huko huko alikozaliwa muimbaji Dean Martin. Utoto wake ulikuwa mgumu. Bado ni mtoto, mume wa shangazi yake waliyekuwa wameachana naye aliwapiga risasi huyo shangazi pamoja na mama yake Jimmy, wote wakafa. Alivyokua akaingia kwenye kubeti, farasi, mpira, chochote, na miaka ya 50 akahamia Las Vegas kwa sababu Nevada ndo ilikuwa sehemu ambayo kubeti michezo kuliruhusiwa wazi.

Hadithi iliyompa jina ni ya uchaguzi wa rais wa 1948. Magazeti na wafanya kura za maoni wote walisema Thomas Dewey anamshinda Harry Truman, hadi Chicago Tribune likachapisha kichwa cha habari kwamba Dewey kashinda, kumbe kashinda Truman. Jimmy alikuwa anasimulia kwamba yeye aliweka dola 10,000 kwa Truman kwa odds za 17 kwa 1, yaani akishinda kila dola inamletea 17, na sababu yake ilikuwa masharubu ya Dewey, eti aliuliza uliza akagundua wanawake hawayapendi. Hiyo hadithi tumeipata kwake mwenyewe, na ilirudiwa miaka na miaka hadi ikawa kama cheti chake cha chuo kikuu. Angalia hapo vizuri, mtu anajengwa na mkeka mmoja uliotiki, ile mingine yote iliyochanika hakuna anayeisimulia.

Mwaka 1962 akahukumiwa kwa kosa la kusafirisha bets na taarifa za kubeti kutoka jimbo moja kwenda lingine. Kipindi hicho serikali ya Rais Kennedy ilikuwa imeamua kuwabana watu wa kamari, na sheria mpya ya 1961 ilifanya hata kupitisha taarifa za odds kwenye simu kwa biashara ya kamari liwe kosa. Sasa mtu wa hivyo unategemea apotee si ndio? Yeye akageuka upande wa maneno. Akawa anaandika safu kwenye gazeti la Las Vegas Sun, safu ikasambaa kwenye magazeti mengine nchi nzima, akafungua kampuni ya mahusiano ya umma na hata akafanya kazi kwa tajiri Howard Hughes. Mwaka 1974 Rais Gerald Ford akamsamehe lile kosa, na 1976 akakaa kwenye kiti cha The NFL Today, kipindi cha televisheni ya CBS kuhusu NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, pamoja na watangazaji Brent Musburger, Irv Cross na Phyllis George. Kwa hiyo jibu la swali la juu ndo hilo, hakuingia kwenye TV kwa sababu alikuwa anabeti vizuri kuliko wengine, aliingia kwa sababu alijua kuongea kuhusu kubeti na watu wakamsikiliza.

Ila kulikuwa na tatizo, ligi ya NFL haikutaka kabisa kubeti kutajwe kwenye matangazo yake. Mtabiri wa kamari asiyeruhusiwa kusema kamari, atafanyaje? Wakatengeneza ubao. Timu mbili juu, chini yake vipengele, nani anakimbia na mpira vizuri, nani anarusha vizuri, ulinzi wa nani mgumu, makocha, na kile kitu kisichopimika ambacho kila mchambuzi anakiweka mwisho, halafu Jimmy anaweka tiki kwa timu yenye nafuu, tiki, tiki, tiki, na mwisho anatoa maoni nani atashinda na kwa kiasi gani. Hajasema kubeti hata mara moja ila kila aliyekuwa sebuleni na kikaratasi chake mfukoni alikuwa ameshaelewa. Leo ukiangalia mpira wa Marekani odds zinapita chini ya skrini kama bei za nyanya, maana mwaka 2018 Mahakama ya Juu yao ilifuta sheria iliyokuwa inazuia majimbo mengi kuhalalisha kubeti michezo.

Je, alikuwa anapatia? Hapa nataka nikae kidogo maana ndo lile swali la kijana wa kijiweni. Kwa wenzetu wale kubeti kwao sana sana ni kwa pointi, timu kali inakatwa pointi na timu dhaifu inaongezewa ili pande zote mbili zikaribiane. Ukiweka dola 11 unashinda 10, ile moja ndo kipande cha kampuni. Piga hesabu, ili mtu asipate hasara anatakiwa apatie zaidi kidogo ya mara 52 kwenye kila mara 100. Ukipatia nusu kwa nusu, yaani kama kurusha shilingi, unaisha taratibu. Kati ya 50 na 52 hapo ndo mabingwa wote wa hii kazi wanapigania maisha yao, na mtu anayetoa utabiri kila Jumapili mbele ya mamilioni, tena kwenye mechi ambazo bei zake zimeshasawazishwa na watu wenye hela na akili, mara nyingi anaishia palepale katikati. Kwenye Super Bowl, yaani fainali yao, ya Januari 1969 soko liliwapa Baltimore Colts kama pointi 18 mbele ya New York Jets, na Jimmy naye alikuwa upande wa Colts, Jets wakashinda 16 kwa 7. Hakupoteza kazi kwa hilo wala kwa mengine ya namna hiyo, kwa sababu yeye mshahara wake ulitoka kwenye kuongea, uingie mkeka usiingie anakula.

Na hawa wa Telegram ni hivyo hivyo ila wao wana ujanja wa ziada ambao ni hesabu ya darasa la nne. Chukua watu 1,024, nusu uwaambie timu A inashinda, nusu timu B (chagua mechi isiyokubali sare). Mechi ikiisha unaachana na wale 512 uliowadanganya, wale waliobaki unawagawa tena, 256, 128, 64, 32. Sasa una watu 32 ambao wamekuona kwa macho yao ukipatia mechi tano mfululizo, na kila mmoja yuko tayari kukutumia elfu kumi na kuwaambia ndugu zake. Hujajua chochote kuhusu mpira. Na ule mkeka wa mechi 12, hata kama kila mechi ina nafasi ya asilimia 70, ukizizidisha zote pamoja unabaki na asilimia 1 na kidogo, ndo maana mkeka unachanika kwa moja tu karibu kila wiki na mtu anaona kama alikosa bahati.

Turudi kwa Mgiriki. Maisha yake hayakuwa raha kama yalivyoonekana kwenye skrini, watoto wake watatu walikufa kwa ugonjwa wa kurithi unaojaza makamasi mazito kwenye mapafu. Kazini nako kulikuwa na moto, mwaka 1980 yeye na Musburger walirushiana ngumi kwenye baa moja New York baada ya kugombania muda wa kuongea hewani, halafu wiki iliyofuata wakatokea kwenye kipindi wamevaa glovu za ngumi. Yalipita.

Ambalo halikupita ni la Ijumaa tarehe 15 Januari 1988, siku ya kuzaliwa kwa Martin Luther King. Jimmy alikuwa Washington kwa ajili ya mechi ya Jumapili, Washington na Minnesota, anakula mchana kwenye mgahawa wa Duke Zeibert, mwandishi wa TV moja ya pale mjini akamfuata na maiki kumuuliza kuhusu maendeleo ya watu weusi kwenye michezo. Swali rahisi. Na yeye akajibu kwa ile ile sauti ya kuweka tiki kwenye ubao, akasema mchezaji mweusi ni bora kwa sababu alizalishwa awe hivyo tangu utumwani, kwamba bwana mtumwa alikuwa anamkutanisha mwanaume mkubwa na mwanamke mkubwa ili wapate mtoto mkubwa, akaongelea na mapaja, na akaongeza kwamba weusi wakichukua na ukocha basi wazungu hawatabaki na kitu. Kesho yake CBS wakamfukuza. Miaka 12 ikaisha kwa mlo mmoja.

Aliomba radhi, na wapo waliofanya naye kazi waliosema hakuwa mtu wa chuki. Mi naona hilo sio la msingi sana. Alichosema ni uongo na ni uongo unaoumiza mpaka leo, maana bado utausikia vijiweni hata huku kwetu. Watumwa walilazimishwa kuzaa, hilo ni kweli na ni unyama, maana mtoto alikuwa mali ya bwana, na baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa mwaka 1808 thamani ya huyo mtoto ikapanda zaidi. Lakini vizazi vichache namna ile, watu wakiwa wanauzwa huku na huku, haviwezi kuunda aina mpya ya binadamu wenye misuli ya mpira. Na ukisema hivyo unamnyang'anya mchezaji jasho lake lote, asubuhi zake zote za mazoezi, unampa sifa bwana mtumwa. Kuhusu ukocha ndo inachoma zaidi, maana siku anaongea yale maneno NFL nzima haikuwa na kocha mkuu mweusi hata mmoja, Art Shell alipewa timu mwaka 1989. Yaani alikuwa anaogopa wazungu kunyang'anywa kitu ambacho siku hiyo hakuna mweusi hata mmoja aliyekuwa amekishika.

Jimmy alifariki Las Vegas mwaka 1996, akazikwa kwao Steubenville.

Ile mechi ya Jumapili iliyompeleka Washington ilichezwa bila yeye, Washington wakashinda 17 kwa 10 wakaenda Super Bowl. Aliyekuwa anawaongoza uwanjani ni Doug Williams, na hakuna mtu mweusi aliyewahi kuanza Super Bowl kwenye nafasi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, kabla yake, nafasi ambayo kwa miaka mingi walisema inahitaji akili kwa hiyo sio ya weusi. Tarehe 31 Januari, siku 16 tu baada ya ule mlo, kwenye hiyo Super Bowl wapinzani wao Denver ndo waliopewa nafasi, pointi 3 mbele, na robo ya kwanza ikaisha Denver 10 Washington 0, Williams kaumia goti kidogo akatoka akarudi. Robo ya pili akarusha pasi nne za tachidauni, yaani za kufunga kwa kufikisha mpira mwisho wa uwanja. Washington walifunga pointi 35 ndani ya hiyo robo moja, mechi ikaisha 42 kwa 10, na mchezaji bora wa siku akawa yeye.