Bastola ya kushindilia ni silaha: elimu kwa wapenzi wa baruti nyeusi

Maswali yanayofika kwenye kitengo chetu cha usalama wa viwanja vya shabaha yameongezeka, na sehemu kubwa inahusu bastola za kushindilia: zile ambazo kila tundu la silinda (sehemu inayozunguka yenye matundu) hutiwa baruti nyeusi na goroli ya madini ya risasi, na nyuma yake huvalishwa fataki, yaani kikofia kidogo kinachowasha baruti, moja baada ya jingine. Anayeuliza mara nyingi ameshanunua. Nyingi ni nakala mpya zinazotengenezwa mkoani Brescia, Italia, kwa kufuata bastola za kale za Kimarekani: Colt za 1851 na 1860 au Remington ya 1858. Burudani hii tunaiunga mkono kwa moyo mmoja. Inamfundisha mtu subira, kwa sababu risasi tano zinamgharimu dakika kadhaa za kazi ya mikono, na kila kosa lake linaonekana palepale kwenye shabaha.

Kinachotusumbua ni kauli moja inayorudi kila wiki: "Hii kisheria si silaha." Tumeijibu mara nyingi, tunaijibu tena.

Ni kweli kwamba Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya Marekani ya 1968 haizihesabu kuwa silaha za moto bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, pamoja na nakala zake zisizotumia risasi za ganda za kawaida, yaani zile ambazo baruti, fataki na risasi vimo tayari ndani ya ganda moja. Ndiyo maana kwa sheria ya shirikisho mtu anaweza kuletewa nakala hadi mlangoni bila kuchunguzwa rekodi yake. Lakini msamaha huo ni wa sheria hiyo ya shirikisho tu. Colt ya 1860 ilibebwa na askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, na ile ya leo inatupa goroli ileile ya inchi 0.44. Ukimwelekezea mtu, umemwelekezea silaha, na ukiitumia katika uhalifu, kutaja mwaka 1898 hakutaufuta uhalifu huo.

Pili, sheria ya shirikisho si sheria ya jimbo. Yapo majimbo yanayoihesabu bastola hii kama bastola nyingine yoyote, vibali vyote vikihitajika. Uliza jimboni kwako kabla ya kulipa. Tatu, na hapa naomba usome polepole: zinauzwa silinda za kubadilishia zinazoifanya bastola hii ipige risasi za ganda. Ukishaifunga silinda hiyo, msamaha umekwisha. Sasa unamiliki silaha ya moto kamili, na kama ni mtu aliyezuiwa kumiliki silaha kwa sababu ya hukumu ya zamani, sheria ya shirikisho tangu 2022 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 15. Uingereza ni kali zaidi. Bastola za kawaida zilipigwa marufuku mwaka 1997. Za kushindilia zilibaki, lakini kwa cheti cha silaha kutoka polisi, na baruti nyeusi ina cheti chake cha vilipuzi. Kuwa nayo bila cheti ni kosa la hadi miaka 5 jela. Ukiifungia silinda ya risasi za ganda, unaingia kwenye silaha zilizokatazwa, ambako miaka 5 ndiyo adhabu ya chini kwa mtu mzima, isipokuwa mahakama ione mazingira ya pekee kabisa.

Sasa kushindilia. Anza na bastola tupu. Futa mafuta yote kwenye matundu, kisha weka fataki peke yake kwenye kila kichuchu (kile kijibomba cha nyuma ya tundu kinachovalishwa fataki), elekeza mtutu kwenye nyasi mbele ya mstari wa kufyatulia, ufyatue. Tazama lile jani lililo karibu na mdomo wa mtutu: likitikisika, njia ya moto iko wazi. Lisipotikisika, kichuchu kimeziba, na ungeshindilia bure. Ni jambo dogo, lakini wengi wanaotuletea bastola "mbovu" waliruka hatua hii tu.

Baruti ipimwe kwa kikombe cha ujazo, kisha imiminwe kutoka kwenye kikombe. Usimimine kutoka kwenye chupa moja kwa moja hata siku moja, maana cheche iliyobaki ndani ya tundu itaipata chupa nzima mkononi mwako. Kwa bastola ya inchi 0.44 yenye fremu ya chuma, greni 25 hadi 30 zinatosha, yaani karibu gramu 1.6 hadi 1.9. Fremu ya shaba nyeupe ni laini. Baki kwenye greni 20 au pungufu, la sivyo italegea mwaka haujaisha. Wanaotaka kujaza mpaka juu wakumbuke Colt Walker ya 1847: ilikuwa na uzito wa kilo 2, ikimeza hadi greni 60 kwa tundu, na silinda zake kadhaa zilipasuka mikononi mwa askari. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, usiitie kamwe, hata chembe. Mgandamizo wake utaipasua bastola.

Goroli iwe ya risasi laini tupu, na iwe kubwa kidogo kuliko tundu. Ukiishusha kwa mkono wa kushindilia (wenzo ulio chini ya mtutu), ukingo wa tundu unainyoa pete nyembamba ya risasi, inayong'aa kama uzi wa fedha. Pete ikitoka nzima, tundu limezibwa sawasawa. Isipotoka, goroli ni ndogo, iache. Shindilia hadi goroli ikae juu ya baruti bila nafasi katikati, halafu paka grisi juu yake, au, badala ya grisi, tanguliza kipande cha sufu chenye mafuta kati ya baruti na goroli. Jaza matundu matano na uache nyundo ikae juu ya lile la sita, lililo tupu. Fataki huwekwa mwisho kabisa, mtutu ukiwa umeelekea shabaha.

Usahihi huu una sababu. Niliwahi kusimama mita chache kutoka kwa mpigaji ambaye goroli zake zilikuwa ndogo na fataki zake zimelegea. Alifyatua mara moja, yakalipuka matundu matatu. Goroli mbili zilipita kando ya mtutu, na mkono wa kushindilia ukapinda. Vidole vyake vilipona kwa sababu alishika mpini tu, bila kuuunga mkono mtutu kwa mbele. Moto unaweza kurukia tundu la jirani kwa mbele, kupitia goroli isiyoziba, au kwa nyuma, kupitia fataki iliyolegea. Ziba kote kuwili.

Fataki ikilia na bastola isilipuke, usiigeuze kuichungulia. Shikilia shabaha dakika nzima, kwani baruti inaweza kuwa inafuka.

Nyumbani, sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu hadi pauni 50 za baruti nyeusi ya kiwandani kwa michezo na burudani ya silaha hizi. Ya kujitengenezea haimo, kwa hiyo tuacheni majaribio ya jikoni. Kwenye ndege za Marekani baruti na fataki haziruhusiwi kabisa, iwe mzigo wa mkononi au wa chini. Wapo wanaofika uwanja wa ndege na fataki zimesahaulika kwenye mfuko wa koti. Kagua mifuko nyumbani.

Ukimaliza, nawa mikono kabla ya kula, maana madini ya risasi ni sumu. Bastola ioshwe siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, vichuchu vikiwa vimefunguliwa. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na hula chuma. Kausha, paka mafuta, na kesho yake pitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu. Kikitoka na rangi ya kutu, rudia kuosha.