Tarumbeta Halimfelishi Mwanafunzi wa Uhandisi

Kila mwanzo wa muhula wa pili, matokeo ya muhula wa kwanza yakishatoka, hunijia wanafunzi wawili watatu wenye ombi lilelile: "Mwalimu, naomba nisimame bendi mpaka nimalize digrii, maana uhandisi unataka muda." Ninafundisha masomo ya umeme katika chuo kimoja jijini Mbeya, na jioni ninasimamia bendi ya matarumbeta na kwaya, kwa hiyo ombi hilo hunipata nikiwa upande wa mlalamikaji na wa mlalamikiwa pia. Mwaka huu mmoja wao alifika na mama yake kutoka Tukuyu, naye mama hakuzunguka: "Mwalimu, huyu tumemleta asome. Matarumbeta angeyapiga hukohuko kanisani." Nilimwamkia, nikampa kiti, kisha nikatafuta karatasi, kwa sababu anayelalamikia muda hujibiwa kwa hesabu.

Digrii ya uhandisi nchini huchukua miaka 4. Mwaka mmoja una krediti zipatazo 120, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, yaani mihadhara, maabara na kujisomea kwa pamoja. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka, ambazo zikigawanywa kwa wiki 30 ni saa 40 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Tukiondoa 56 za usingizi, ambazo nasisitiza zilalwe kweli, na hizo 40 za masomo, zinabaki 72 za kupika, kufua, ibada na kusubiri daladala. Nusu saa ya mazoezi kila siku hula saa 3 na nusu tu. Anayedai kwamba hizo ndizo zilizompa "supu" mbili, yaani mitihani miwili ya marudio, na anieleze kwanza zile 68 na nusu nyingine zilikwenda wapi.

Ninachokiona mimi ni kwamba wengi huangushwa na dhana nyingine iliyojificha ndani ya hiyo ya muziki kula muda: kwamba kazi inaweza kulimbikizwa. Maswali ya saketi hungoja usiku wa kuamkia jaribio, na tarumbeta hungoja Jumamosi, siku ambayo kijana hupuliza saa sita mfululizo hadi midomo ikavimba, akarudi hosteli hawezi kushika hata kalamu, kisha akasema muziki umemlia muda. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufanya kazi kuliko idadi ileile iliyorundikwa siku moja. Vidole vinavyojifunza vali tatu za tarumbeta na akili inayojifunza kutatua saketi huitii kanuni hiyo bila kubaguana.

Kwa hiyo nitarudia ushauri ambao wanafunzi wangu wameshauchoka: nusu saa kila siku kabla ya kifungua kinywa, metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika, vipimo vinne tu vya wimbo, si wimbo mzima. Ukivimaliza, weka ala chini na ufungue daftari la hesabu papo hapo, kabla hujaigusa simu. Wa hosteli wasioweza kupiga alfajiri bila kutukanwa na jirani waende uwanjani. Baridi ya Julai haijamuua mpiga tarumbeta. Na wale niliowaruhusu "kusimama kwa miaka 4 tu" bado sijamwona aliyerudi, kwa kuwa misuli ya midomo isiyotumika hulegea upesi, na mtu aliyezoea kupiga vizuri hana uvumilivu wa kuanza upya.

Isitoshe, muziki huo humsaidia darasani. Mfululizo wa Fourier, yaani hesabu ya kuligawa wimbi kuwa mawimbi sahili yanayojumlishwa, huwatia hofu wanafunzi wengi, lakini mpiga gitaa ameshausikia kwa masikio yake. Sauti ya uzi mtupu, usioguswa, tuiite do. Uguse uzi kidogo katikati kabisa, uupige, utasikia do ya juu. Uuguse penye theluthi, utasikia so iliyo juu ya hiyo do. Masafa hayo ni mara mbili na mara tatu ya yale ya uzi mtupu, na sauti ya kawaida ya uzi ni mchanganyiko wa hayo yote na mengine ya juu zaidi. Aliyelielewa hilo kwa vidole hahitaji kukariri fomula usiku kucha.

Wanaosema kwamba nota ni za wenye kipaji siwajibu kwa kirefu. Mtu anayetatua milinganyo ya tofauti ananiambia kwamba silabi saba za sol-fa zimemshinda, hajazijaribu.

Kuna pia dhana kwamba ala zetu hushuka sauti kwa sababu ya mwinuko, kwa kuwa jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Mwinuko hauhusiki. Kanieneo na uzito wa hewa hupungua pamoja, na kasi ya sauti hubaki palepale. Kinachoibadilisha ni jotoridi. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi kasi hiyo ni kama mita 346 kwa sekunde, na kwenye nyuzi 10 ni kama 337, tofauti inayoweza kulishusha tarumbeta kwa karibu nusu ya nusutoni, ile hatua ndogo kabisa kati ya vibonyezo viwili vya kinanda vinavyofuatana. Lipulizie pumzi lipate joto kabla ya kulioanisha na kinanda.

Mwisho ni wati. Kamati ya tamasha ilinijia ikitaka amplifaya ya wati 1,000 badala ya 500 ili sauti "iwe mara mbili", na waliokuja walikuwa wanafunzi wa umeme, jambo lililonikera zaidi. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambazo msikilizaji huzitambua kwa shida. Ili sikio lihisi mara mbili, unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Uwanjani, kuzisogeza spika hadi nusu ya umbali kutoka kwa wasikilizaji hukupa karibu desibeli 6 bila kulipa chochote. Walizisogeza, na fedha ya amplifaya wakanunulia nyaya mpya, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimekatika maungio na ndizo zilizokuwa zikikwaruza tangu mwaka jana.