"Run out of": mbona sarufi yake unayo tayari

Wengi ninaowafundisha Kiingereza wakifika kwenye vile vitenzi vya vipande viwili vitatu wanakata tamaa mapema, run ni kukimbia, out ni nje, of haieleweki inafanya nini pale, alafu ukiziweka pamoja unaambiwa maana yake ni kuishiwa. Sasa kukimbia kumeenda wapi? Ndo maana mi huwa naanza na hiki hiki kabla ya vingine vyote, kwa sababu mtu anayeongea Kiswahili anacho kichwani tayari, sema hajijui.

Angalia. Tunasema "sukari imeisha" na tunasema pia "tumeishiwa sukari". Habari ni ile ile moja, ila ya kwanza inaanza na sukari na ya pili inaanza na sisi. Kiingereza kinafanya hivyo hivyo: "The sugar has run out" na "We've run out of sugar". Sentensi ikianza na kitu, of haipo, ikianza na mtu, of inakuja kabla ya kitu. Makosa mengi ninayosahihisha yako hapo hapo tu, mtu anaandika "We have run out sugar", of kaiacha, au anaandika "The sugar has run out of" na of inabaki inaning'inia mwishoni haina chochote mbele yake.

Kuna kosa lingine linatuandama sisi hasa, na linatoka kwenye ile -wa ya kuishiwa. Kwa kuwa kuishiwa kumekaa kama mtu katendwa, unakuta mtu anaandika "I was run out of money". Hapana, ni "I ran out of money", unaisema kama vile ni wewe uliyefanya hata kama huna kosa lolote. Hiyo "was run out of" ipo kweli kwenye Kiingereza ila ni mambo mengine kabisa: "He was run out of town" maana yake watu walimtimua mjini.

Alafu kuna finish. Watu wanapenda sana kusema "The milk is finished", na ukweli utaeleweka, ila ukitaka isikike kama wanavyosema wenyewe sema "We've run out of milk" au kwa kifupi "We're out of milk". Na tofauti ya finish na run out nayo unayo, ni ile ile ya kumaliza na kuishiwa. "I've finished the milk" ni nimemaliza maziwa, yaani ni mimi niliyekunywa, nilaumuni mimi. "We've run out of milk" ni tumeishiwa, hakuna anayenyooshewa kidole. Kwahiyo kama ni wewe uliyemaliza na hutaki maswali, unajua utumie ipi.

Nyakati zisikuumize kichwa. Inaenda run, ran, run, kwahiyo baada ya have inarudi run, "I've run out", ile "I've ran out" utaiona sana mtandaoni hata kwa wazawa lakini kwenye mtihani au barua ya kazi usiiweke. Inayosaidia zaidi kwenye maisha ya kila siku ni kujua running na run. "I'm running out of data" ni bando linaelekea kuisha, bado lipo kidogo, fanya haraka uniambie. "I've run out of data" ni limekwisha, na hapo mesej yenyewe labda umeituma kwa simu ya mtu. "We ran out of petrol on the way" ni hadithi iliyopita, tuliishiwa mafuta njiani. Mmarekani hapo atasema gas, na Mmarekani pia hata kitu kikiwa kimeisha sasa hivi mara nyingi anasema tu "We ran out of milk", wakati Mwingereza atapenda "We've run out".

Vitu visivyoshikika navyo vinaisha. "We're running out of time", muda unatuishia. "I've run out of ideas", sina wazo lingine. "My patience is running out", uvumilivu unakaribia kufika mwisho, na hiyo mtu akikuambia kazini jirekebishe.

Sasa tahadhari, maana ukishazoea kwamba run out of ni kuishiwa utataka kuipeleka kila mahali, na Kiswahili chetu kinaishiwa na vitu ambavyo Kiingereza hakiishiwi. Kuishiwa nguvu baada ya kusikia habari mbaya sio "I ran out of strength", sema "My legs went weak". Mtu aliyeishiwa damu ni "anaemic". Kuishiwa hamu ya kitu ni "I lost interest". Na yule tunayesema tu "ameishiwa", mfukoni hamna kitu, ni "He's broke", kwa sababu "He has run out" peke yake inamwacha msikilizaji anasubiri umalizie, kaishiwa na nini?

Kitu chenyewe lazima kiwe kinatumika kikapungua. Huwezi kusema "I've run out of a pen". Kalamu moja ikiisha wino ni "My pen has run out", na kama ni boksi zima la kalamu limekwisha ofisini ndo "We've run out of pens", kwa wingi. Betri ya simu utasikia zote mbili, "My battery has run out" na "I've run out of battery". Ila kwa vitu vyenye muda wake, pasipoti, mkataba, viza, kinaanza kitu chenyewe siku zote: "My contract runs out in June". Ukisema "I've run out of passports" watadhani unazigawa.

Na kukimbia kwenyewe hakujafa. "She ran out of the room" ni alitoka chumbani mbio. Utajuaje? Angalia neno linalofuata of, kama ni mahali pa kutoka basi ni miguu imetumika, chumba hakipungui kama sukari.

Mwisho kuna on. "He ran out on his family" ni aliitelekeza familia yake, ni neno zito, usilitumie kwa mtu aliyetoka mara moja akarudi. Lakini kikianza kitu hakuna aliyetelekezwa kihivyo: "The money ran out on us" ni hela ilituishia tu, na hiyo on us inafanya kazi ile ile ya -tu- yetu iliyokaa katikati ya kitenzi.