Ekspreshonizimu: msukosuko wa nafsi katika picha za watu

Ekspreshonizimu ni mkondo wa sanaa uliopata nguvu mwanzoni mwa karne ya 20, hasa Ujerumani na Austria, ambamo mchoraji hamchori mtu kama macho yanavyomwona bali kama nafsi inavyomhisi. Umbo la binadamu halitupwi. Hubaki likitambulika, ila hurefushwa, hupindwa au hupakwa rangi ambazo ngozi haina, na kwa kuwa kila mtazamaji anajua mwili ulivyo, kasoro iliyowekwa makusudi humshtua hata kabla hajajiuliza sababu yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni picha ambayo Mjerumani Ernst Ludwig Kirchner alijichora mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya kuingia jeshini na kuzidiwa na fadhaa kiasi cha kuondolewa kwenye mafunzo. Amevaa sare, sigara iko mdomoni, macho ni matupu, na mkono wa kulia umebaki kigutu kibichi chenye damu. Mkono huo haukuwahi kukatwa. Kirchner alichora hofu ya mchoraji kwamba vita vitamnyang'anya kazi yake, na nadhani hakuna uso wa huzuni, hata uchorwe kwa ustadi gani, ambao ungeisema hofu hiyo kwa ukali uleule.

Aliyewatangulia wachoraji hawa ni Edvard Munch wa Norwei, ambaye mama yake alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1868, na dada yake Sophie akafuata kwa ugonjwa huohuo mwaka 1877. Katika "Mtoto Mgonjwa", aliyoichora mwaka 1885 hadi 1886, msichana ameegemea mto mkubwa mweupe, na kando yake mwanamke ameinamisha kichwa hata uso wake hauonekani. Tungetarajia machozi, lakini hayapo. Kihoro kimehamia kwenye rangi yenyewe, ambayo Munch aliipaka, akaikwangua na kuipaka tena, hadi turubai ikajaa mikwaruzo, na mikono ya wawili hao inapokutana ikabaki kama doa tu. Wahakiki wa Kristiania, ambayo leo ni Oslo, waliiponda wakidai kwamba haijakamilika.

Katika "Ukelele" ya mwaka 1893, anga na maji vimepindapinda pamoja na mtu aliyesimama mbele, ilhali ukingo wa njia umenyooka na watu wawili walio nyuma wamesimama wima, kana kwamba kwao hakuna lililotokea. Wengi hudhani mtu huyo ndiye anayepiga kelele, ingawa maandishi ya Munch yanaeleza kwamba alihisi ukelele ukipita katika maumbile yote.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba picha za namna hii hububujika tu mchoraji anapozidiwa. Munch alimchora "Mtoto Mgonjwa" kwa rangi mara 6 kwa jumla katika muda wa miaka 40 hivi, na kazi ya kurudiwa kiasi hicho ni kazi ya kupima na kuamua. Kwenye "Ukelele" kuna sentensi ndogo ya penseli isemayo kwamba picha hiyo ingeweza kuchorwa na mwendawazimu tu. Kwa muda mrefu ilishukiwa kuwa ni kejeli ya mtazamaji fulani, hadi mwaka 2021 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Norwei walipolinganisha mwandiko na kuthibitisha kwamba aliyeiandika ni Munch mwenyewe.