Grafiksi si sura ya gemu

Mtu akitaka kusifia gemu siku hizi ana neno moja tu: grafiksi kali. Gemu ya mpira, grafiksi kali. Gemu ya risasi, grafiksi kali. Hata ile ya kupanga pipi kwenye simu ya shangazi, ukimuuliza mtoto inampendeza nini, atakujibu grafiksi. Na gemu ikichosha, lawama wanabeba grafiksi hao hao. Kutoka kwa mtoto nalivumilia. Kutoka kwa muuza simu anayetaka kuniongezea laki moja juu ya bei, naelewa biashara yake. Lakini nikilisikia kwa watu wazima wanaojiita wachambuzi wa gemu, naona bora tukae chini kidogo.

Maana yenyewe ni fupi. Grafiksi ni kazi ya kuchora inayofanywa na mashine: pikseli ngapi ziko kwenye kioo, uso wa mhusika umejengwa kwa poligoni ngapi, yaani vipande bapa vyenye pembe vinavyounganishwa kuwa umbo, mwanga na vivuli vimekokotolewa kwa undani kiasi gani, unaona umbali gani kabla dunia haijakatika. Vyote hivyo vinapimika. Mtindo, au sura ya gemu, ni maamuzi ya watu: rangi zipi zitumike, maumbo yawe ya namna gani, nini kionekane na nini kifichwe. Halafu kuna cha tatu, mwitikio: unabonyeza, jambo linatokea, na linatokea vile mkono wako ulivyotarajia. Vyote vitatu vinatufikia kupitia kioo kimoja, ndiyo sababu ya mchanganyiko. Fundi cherehani angetuelewa upesi: kitambaa ni kimoja, mshono ni kingine, na nguo kukukaa vizuri ukitembea ni jambo la tatu.

Anayebisha kwamba grafiksi na mtindo ni kitu kimoja aitazame Minecraft, gemu ya kujenga dunia kwa matofali. Toleo lake kamili lilitoka Novemba 2011, na kufikia 2023 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 300. Kila upande wa tofali lake umepakwa picha ya pikseli 16 kwa 16. Ng'ombe ni sanduku lenye miguu. Kisha mwaka 2020 wakaongeza, kwa kompyuta zenye uwezo, njia mpya ya kukokotoa mwanga ambayo hufuata miale inavyogonga ukuta, inavyopenya maji na kudunda. Ng'ombe alibaki sanduku na tofali likabaki tofali. Kilichobadilika ni kwamba feni ya kompyuta ilianza kulia kama jenereta. Mtindo ule ule, grafiksi tofauti kabisa. Kama viwili hivi vingekuwa kimoja, jambo hilo lisingewezekana.

Mfano wa upande wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu unahusu gemu ambayo huku kwetu iliishi miaka mingi kuliko mashine yake: GTA San Andreas. Ilitoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2, na kuna watu walioijua mitaa ya Grove Street kabla hawajaijua mitaa ya mji wao wa mkoa. Muulize yeyote kati yao anakumbuka nini kuhusu sura yake. Hatakutajia poligoni. Atakuambia kuhusu ile anga ya Los Santos, mmoja wa miji ya gemu hiyo, yenye rangi ya chungwa, kama jioni ya mji wenye magari mengi na moshi usiopeperuka. Ukienda San Fierro unakutana na ukungu wa kijivu. Ukivuka kuelekea Las Venturas unaingia jangwani, na vumbi linabadilisha kila kitu.

Sasa, ule utusitusi wa hewa ulikuwa na kazi mbili. PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32 tu. Ramani nzima isingeingia humo hata kwa kuisukuma, kwa hiyo gemu ilikuwa ikisoma vipande vya mji kutoka kwenye diski kadiri unavyoendesha na kuviacha vile ulivyovipita. Ukungu ulificha mahali dunia ilipokatika. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, ya kusitiri udhaifu wa mashine. Ya pili ilikuwa ya kisanaa: ulikupa hisia ya umbali. Ulitoka mjini, ukapita mashamba na daraja, mji ukamezwa nyuma yako, ukaona umesafiri kweli. Kumbe ramani ilikuwa ndogo. Ungeweza kuivuka kwa gari kabla chai haijapoa.

Novemba 2021 likaja toleo jipya, limejengwa upya kwa injini ya Unreal, yaani programu ya kutengenezea gemu. Kwa kipimo chochote cha grafiksi, lilipanda. Pikseli zaidi, vivuli bora, taa zinazong'aa kwenye lami iliyolowa, na upeo wa kuona mrefu ajabu. Ukungu ukaondolewa, maana mashine mpya hazikuuhitaji. Matokeo yake yakawa kwamba ukipanda Mlima Chiliad, au ukirusha ndege juu kidogo, uliiona ramani karibu yote imelala chini yako, miji imebanana kama vibanda vya mnadani. Safari yote ya 2004 ikafichuka kuwa mtaa mmoja mkubwa. Mvua nayo ikawa michirizi myeupe inayoziba njia.

Na kuna habari ya nati, ambayo naipenda kupita kiasi. Mle ndani kuna duka la donati, na kibao chake kikubwa ni nati ya chuma, ile ya kukazia bolti, yenye pembe sita. Donati, nati, utani ambao kwa bahati hata Kiswahili kinaubeba. Kwenye toleo jipya maumbo yalilainishwa ili yasionekane yamekatwakatwa, na nati ikalainishwa pamoja nayo, ikawa duara. Poligoni ziliongezeka, utani ukafa. Anayejua nati ni nini asingeifanya iwe duara, kwa sababu nati ya duara haishikwi na spana. Mashine haikujua, na hakuna mtu aliyesimama pale kuiuliza ile pembe ilikuwa ya nini.

Rockstar, wenye gemu hiyo, waliomba radhi mwezi ule ule na kuanza kurekebisha. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2024, sasisho moja likaleta chaguo la kurudisha mwanga wa zamani, anga ya chungwa ikiwemo. Yaani wateja waliopewa grafiksi bora walikaa wakisubiri warudishiwe mtindo.

Kisa kingine cha aina hii kilitokea Japani. Agosti 2000, Nintendo walionyesha kipande kifupi cha video kuonyesha uwezo wa mashine yao iliyokuwa njiani, GameCube. Ndani yake Link, shujaa wa The Legend of Zelda, alikuwa akipigana kwa upanga na adui yake Ganondorf, wote wawili wamechorwa kama watu wazima wa kweli. Mashabiki wakajaa hamu. Mwaka uliofuata wakaonyeshwa gemu yenyewe, na Link alikuwa mtoto wa katuni mwenye macho makubwa kama sahani. Kelele zilizofuata unaweza kuzikisia. Wengi walilalamika kwamba grafiksi zimeshuka.

Hakuna kilichoshuka. Mashine ilikuwa ile ile. Gemu hiyo, The Wind Waker, ilipotoka Desemba 2002, ile katuni iligeuka kuwa na faida ambazo uso wa kweli usingezitoa. Macho yale makubwa hugeuka yenyewe kutazama kitu chenye maana chumbani: mlango uliofichika, mwenge, adui aliyejibanza. Mchezaji mwangalifu anafuata macho ya Link na kupata dokezo, bila mshale wala maandishi. Macho madogo ya binadamu wa kawaida yasingeonekana kwenye televisheni za wakati ule. Kwa hiyo sura ilikuwa inafanya kazi ya kumwongoza mchezaji, na wakati huo huo inapendeza.

Hili la sura kubeba taarifa lisipuuzwe. Watengenezaji wa Team Fortress 2, gemu ya risasi ya mwaka 2007, walijifunza kwa wachoraji wa matangazo wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, hasa J. C. Leyendecker, na wakampa kila mmoja wa wahusika tisa umbo ambalo unalitambua hata ukiona kivuli chake tu. Jitu nene lenye bunduki nzito huwezi kulichanganya na kijana mwembamba anayekimbia. Kwenye gemu ambapo una nusu sekunde ya kuamua umkimbie mtu au umfuate, huo ndio uzuri unaokuokoa. Wengine hufanya kosa la kujaza majani, vumbi na miale kila mahali, kisha mchezaji anauawa na mtu ambaye hakumwona.

Kuna watakaosema natetea katuni. Sina ugomvi na gemu zinazofanana na kweli. Ninachokataa ni dhana kwamba zenyewe hazina mtindo, kwamba zimefika mwisho wa barabara ambayo nyingine bado zinaihangaikia. Kufanana na kweli nako ni uamuzi. Angalia gemu za mpira. Tunasema ni kama mechi ya kweli, lakini aliyewahi kukaa jukwaani anajua mechi haionekani vile. Kamera iko pembeni juu, matokeo yameandikwa kwenye kona, goli likiingia linarudiwa taratibu kutoka nyuma ya nyavu, mtangazaji anapayuka. Gemu hizo zinaiga matangazo ya televisheni, na zinaiga vizuri sana, kwa sababu wengi wetu ligi za Ulaya tunazijua kwa televisheni tu.

Sasa mwitikio, ambao ndio unaotajwa kidogo kuliko vyote ingawa ndio unaomfanya mtu aseme raundi moja ya mwisho mpaka saa nane usiku. Picha ya gemu huchorwa upya mara nyingi kila sekunde. Ikichorwa mara 30, kila picha moja, yaani fremu, inakaa takriban milisekunde 33. Ikichorwa mara 60, ni chini ya 17. Ndiyo maana wanaocheza PUBG Mobile, gemu ya risasi ya simu, kwa ushindani wengi huingia kwenye mipangilio, wakashusha ubora wa picha hadi ngazi ya chini iitwayo Smooth, kisha wakapandisha fremu hadi pale simu itakapogoma. Hao ndio wanaoipenda gemu hiyo kuliko sisi sote, na wamezipunguza grafiksi kwa mikono yao wenyewe. Wabishi watasema fremu nazo ni sehemu ya grafiksi. Sawa, zinatoka kwenye chipu ile ile. Ila anayefaidika nazo zaidi hapo ni kidole.

Na mengi ya mwitikio hayatokani na kasi ya mashine hata kidogo. Celeste, ya mwaka 2018, ni gemu ya kuruka majabali, imechorwa kwa pikseli nene kama za zamani. Ukikimbia hadi ukingoni ukachelewa kuruka, ukawa tayari umeshatoka kwenye jabali, gemu bado inakupa sehemu ya kumi ya sekunde kuruka kana kwamba ulikuwa umesimama. Huioni huruma hiyo. Unachohisi ni kwamba mhusika anakutii. Iondoe, na mchezaji atasema gemu nzito, gemu mbovu, na sitashangaa akisema grafiksi zake hazijakaa sawa.

Waliokulia kwenye vibanda vya gemu wanalijua hili bila kufundishwa. PES, gemu ya mpira ya Konami, enzi za PlayStation 2, haikuwa na leseni ya timu nyingi. Liverpool iliitwa Merseyside Red. Ukianza Master League unapewa akina Castolo na Minanda, wachezaji ambao hawajawahi kuzaliwa. Nyuso nyingi zilikuwa za kukisia. Mshindani wake, FIFA, alikuwa na majina, jezi na viwanja. Bado vijana walilipia PES, wakapanga foleni kuisubiri, kwa sababu mpira mle ndani ulikuwa na uzito wake, haukugundishwa mguuni, na pasi mbovu ilikuwa mbovu kwa kosa lako wewe.

Kwa hiyo dogo akikuambia gemu fulani grafiksi zake mbovu, usimbishie papo hapo. Muulize taratibu: inakwama, haikuvutii machoni, au haikutii mkononi? Ikiwa inakwama, aingie kwenye mipangilio ashushe ubora wa picha, na hapo neno lake la grafiksi liko mahali pake. Ikiwa haimvutii, hilo ni la wachoraji na ladha yake, waelewane wenyewe. Ikiwa haimtii, asitumie pesa kununua simu kubwa zaidi kwa ajili yake. Hata kwenye simu hiyo mpya, mhusika ataendelea kuruka akiwa amechelewa.