Kabla hujauza Canon uhamie Sony, nitumie kwanza picha zilizoharibika

Kijana mmoja wa Morogoro, mpiga picha za harusi mwaka wake wa tatu, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ukiondoa salamu na kuwaulizia watoto, ulikuwa na swali moja: "Kaka, niuze Canon yangu nihamie Sony, au nipande tu kwenye Canon mpya?" Hesabu alikuwa ameshazipiga. Hela ya upatu ingemfikia mwezi wa nane, na kuna mtu Kariakoo alishamwekea mzigo pembeni.

Sikumjibu. Nilimwomba anitumie picha alizozitupa katika harusi zake tatu za mwisho. Siyo zile za kwenye albamu, hizo zinajua kujipendekeza. Nilitaka zile ambazo mteja hakuziona. Alikaa kimya siku mbili, nadhani kwa aibu, kisha akatuma 64.

Kila picha ya dijitali inapotoka kwenye kamera hubeba cheti chake ndani: lenzi ipi ilitumika, tundu la kupitisha mwanga liliwekwa f ngapi, kasi ya shata, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Nikazifungua moja moja na kuzipanga mafungu. Fungu kubwa lilikuwa na picha 41, zote zikiumwa ugonjwa mmoja. Ukumbi wa giza, Canon 700D, lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera ndani ya boksi, imevutwa hadi 55, f/5.6, shata 1/40, ISO 6400. Bibi harusi anacheza, uso umetulia lakini mkono umekuwa moshi. Picha 12 fokasi ilikuwa imeangukia maua ya jukwaani nyuma ya maharusi. Sita ni za flashi iliyopigwa usoni moja kwa moja mpaka jasho la bwana harusi linang'aa kama mafuta ya taa. Tano zilizobaki sikujua alizitupia nini, zilikuwa nzuri.

Chukua hizo 41. Namba ya f ikishuka mwanga unapanda, na unapanda kwa mraba. Gawanya 5.6 kwa 1.8, jibu ulizidishe kwa lenyewe: unapata karibu 10. Maana yake lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga takriban mara kumi ya ile aliyokuwa nayo. Badala ya kubaki 1/40, shata inaweza kwenda 1/250 na bado ISO ikashuka. Sasa linganisha na kubadili bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Sensa ya 700D, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 22.3 kwa 14.9; fulu fremu, kamera zenye sensa kubwa saizi ya filamu ya zamani, ni 36 kwa 24. Eneo linaongezeka kama mara 2.6. Ni faida, sikatai, lakini ukiifunga fulu fremu ya mamilioni kwenye lenzi ya f/5.6 bado umeachwa mbali na kijana mwenye 700D na kale kalenzi ka plastiki ka 50mm f/1.8 STM ka gramu 160. (Ukifungua f/1.8 yote, kina cha fokasi kinakuwa chembamba; jicho moja kali, la pili limelala. Mimi nabana mpaka f/2.2 na maisha yanaendelea.)

Na zile sita za flashi? Hizo hata lenzi hazikuhitaji. Geuza kichwa cha flashi juu, mwanga ugonge dari urudi umelainika. Isipokuwa kumbi zetu nyingi siku hizi dari limefunikwa vitambaa. Ukipiga mwanga kwenye kitambaa cha zambarau, bibi harusi anarudi zambarau, na hakuna kamera duniani itakayokusaidia hapo. Tafuta ukuta mweupe, au mpe msaidizi mwavuli mdogo.

Fungu la 12 ndilo lililonifanya nisite, kwa sababu hapo kijana alikuwa na hoja. Kamera zisizo na kioo cha ndani cha kujikunja (mirrorless), ambazo ndizo kila kampuni kubwa inatengeneza sasa, zinasoma fokasi juu ya sensa yenyewe. Zinatambua uso na jicho, zinalifuata likitembea. Kwa miaka mingi nilipiga harusi na Canon 6D, kamera ya mwaka 2012 yenye pointi 11 za fokasi, na kazi yangu yote niliifanya na pointi ya katikati: lenga jicho, shikilia, sogeza fremu, piga. Ilinilisha. Lakini bibi harusi anapoingia ukumbini akicheza, na wapambe wanane mbele yake wanarusha maua, utaratibu huo una mwisho wake. Nilipohamia Canon R6, isiyo na kioo, mwaka 2021 nilianza kurudi na picha za kuingia ukumbini ambazo zamani nilikuwa naziombea dua.

Kuna na ukimya. Kanisani wakati wa kiapo, kioo cha kamera ya zamani kinapopiga "klak" padri anakugeukia. Shata ya elektroniki haina sauti kabisa. Ila usisahau kuizima mkishafika ukumbini: inasoma sensa mstari kwa mstari, na taa za LED zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, basi picha inatoka na michirizi kama shuka la kimasai. Rudi kwenye shata ya mekaniki, na ikibidi shusha hadi 1/100, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde.

Kwa hiyo bodi mpya ina maana kwa mtu ambaye fungu lake kubwa ni la fokasi. Swali linalofuata ni bodi ya nani.

Hapa lazima tuongee kuhusu maunti, ule mdomo wa chuma ambapo lenzi inajifunga. Watu wanadhani wananunua kamera, kumbe wanaoa ukoo. Canon walianza na maunti ya EF mwaka 1987, na kutoka kwenye mdomo hadi kwenye filamu au sensa kulikuwa na milimita 44, maana kioo kilihitaji nafasi ya kujikunja. Mwaka 2018 wakaleta RF, na kwa kuwa kioo hakipo tena, umbali ukawa milimita 20. Tofauti ni 24. Tengeneza bomba tupu la milimita 24, weka waya za mawasiliano, lenzi ya EF ya zamani inakaa kwenye kamera mpya na kufanya kazi kama imezaliwa hapo, fokasi ya jicho ikiwemo. Hiyo ndiyo adapta. Haina kioo cha lenzi hata kimoja ndani, haipunguzi ubora wowote. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF huwezi kuirudisha kwenye kamera ya EF, nafasi haipo.

Nikon nao vivyo hivyo, F ya mwaka 1959 yenye milimita 46.5 na Z ya 2018 yenye 16. Kwao kuna jambo moja la kuangalia kabla hujalipa: lenzi za AF-S zinafokasi kupitia adapta ya FTZ, lakini zile za zamani za AF-D, ambazo zilizungushwa na injini iliyo ndani ya bodi, zinabaki za mkono. Sony walianza E mwaka 2010 na kamera yao ya kwanza ya picha ya fulu fremu kwa maunti hiyo ikaja 2013, miaka mitano kabla ya wenzao, ndiyo maana soko la lenzi za Sigma, Tamron na wengine ni pana sana kwao. Kama bajeti yako ni ya lenzi za kampuni nyingine, hilo ni jambo zito. Canon kwa upande wa fulu fremu bado wamebana mlango.

Na ukoo unaweza kufa. Canon EF-M ilikuja 2012 na leo hakuna kamera mpya inayotengenezwa. Lenzi zake hazina adapta ya kwenda RF. Ukiona mtandaoni M50, kamera ya maunti hiyo, na lenzi tatu kwa bei ya kutupa, jua kwa nini.

Kwa huyu kijana wa Morogoro kulikuwa na mtego mwingine. Lenzi zake ni EF-S, za sensa ndogo. Zinaingia kwenye R6 kwa adapta, ndiyo, lakini kamera inakata kipande cha katikati tu, na megapikseli 20 zinabaki chini ya 8. Angetumia mamilioni kupata picha ndogo kuliko ya 700D yake, ambayo ina 18.

Sasa gharama za kuhama kabisa. Nilishahama, naongea nikijua. Mwaka 2019 niliuza vitu vyangu vya Canon, nikabakiza 6D tu kama akiba, nikanunua Nikon D750 na lenzi mbili, kwa sababu rafiki yangu alikuwa nayo na picha zake zilinifanya nikose usingizi. Bei ya bodi niliijua. Sikuhesabu betri tatu na chaja. Sikuhesabu kwamba flashi zangu kubwa za Godox zinafaa kamera yoyote lakini triga, kile kifaa cha kuziwasha kinachokaa juu ya kamera, ina toleo la kila kampuni, na flashi ndogo za juu ya kamera nazo hivyohivyo. Sikuhesabu mkono wangu.

Harusi ya kwanza, mlango wa ukumbi unafunguliwa, MC anapiga kelele, nataka kuipanua lenzi nichukue msafara wote. Kidole kikazungusha pete ya zumu kama kilivyozoea miaka minane. Kwa Nikon pete inazunguka upande wa pili. Badala ya msafara nikapata kifungo cha pili cha koti la bwana harusi, kikali, fokasi safi kabisa. Nikazungusha tena, kwa haraka, upande uleule. Wakati akili inauamuru mkono, maharusi walishapita meza tano. Kamera haikuwa na kosa lolote. Ilinichukua kama harusi kumi mkono kutulia, na nilipourudisha Canon miaka miwili baadaye nikaanza upya.

Kurudi kwenyewe kuliniuma zaidi mfukoni kuliko kwenda, ingawa betri za 6D, LP-E6, ziliingia kwenye R6 bila shida. Kilichonishtua kilikuwa kompyuta. R6 inaandika RAW (faili ghafi za picha) za aina ya CR3, na programu yangu ya kuhariri, Lightroom 6, niliyokuwa nimeinunua mara moja na kumaliza haizijui. Kuna programu ya bure ya Adobe ya kuzigeuza kuwa DNG, aina ya RAW ambayo Lightroom yangu inaisoma, nikaitumia miezi mingi, lakini ukigeuza picha 2,000 usiku wa manane unaanza kuelewa bei halisi ya kamera.

Unapouza ndipo unapojua lenzi zako zina hali gani. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja tunaishi na fangasi. Lenzi yangu moja niliyoitunza kabatini, ndani ya mfuko wake wa ngozi kama yai, mnunuzi aliimulika tochi mbele ya macho yangu: nyuzi nyeupe kama mizizi ya nyasi, pembeni kabisa ya kioo cha tatu. Bei ikakatwa nusu, na alikuwa na haki. Fanya hivyo wewe mwenyewe kabla hujapiga hesabu ya mauzo. Ifungue f yote, mulika upande mmoja, chungulia upande wa pili. Siku hizi naziweka kwenye kontena la plastiki lenye mpira, na silika jeli na kipima unyevu kidogo ndani, kisome kati ya 40 na 50. Mfuko wa ngozi nimewaachia watoto.

Jambo ambalo makala za Ulaya na Marekani hazikuambii ni jirani yako anatumia nini. Kule mtu anakodi lenzi, inaletwa mlangoni. Hapa tunaazimana. Jumamosi lenzi yako ya 70-200 imegoma saa nane mchana, harusi ni saa kumi, unampigia nani? Kama timu yako yote ni Sony na wewe peke yako ni Fujifilm, unampigia Mungu. Fundi naye ana vipuri vya kamera anazozifungua kila wiki. Mimi nilirudi Canon kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine zote, na mtu wa Arusha ambaye wenzake wote ni Nikon nitamwambia akae Nikon bila hata kuuliza namba za modeli.

Nani basi ahame? Mwenye bodi ya zamani na lenzi ya boksi tu, na fungu lake kubwa ni la fokasi, kwa sababu hana cha kupoteza. Anayeacha picha akaingia kwenye video moja kwa moja. Na yule aliyeingia kwenye ukoo uliokufa, afanye haraka wakati bado kuna mtu wa kununua.

Kijana wangu alinunua 50mm. Wiki mbili baadaye ujumbe wa sauti mwingine, safari hii mfupi, vigelegele vikimzidi nyuma. Yuko kwenye kichenpati, sebule ya Kihonda, na kwenye 700D ile 50 inaona kama 80. "Kaka, nimerudi nyuma mpaka nimekaa juu ya friza, somo bado haenei kwenye fremu." Nikamwambia ipo 24mm f/2.8 nyembamba kama kifuniko, ila ni EF-S, siku akipanda fulu fremu ataiacha na kamera yake. Kwa leo afungue mlango apigie barazani.